Wanangu mnaosoma Kiswahili chuo, madesa hayatafsiri wosia

Wanangu, marahaba, najua mlikuwa mnataka kuniamkia.

Mimi nimestaafu, nafanya tafsiri za hapa na pale, mikataba, vyeti vya ndoa, wosia, na tangu sheria ya 2021 ifanye Kiswahili kuwa lugha ya mahakama hapa Tanzania naona kazi haziishi. Mwezi uliopita nikamchukua kijana anisaidie, kamaliza chuo juzi tu, GPA 4.6, fasti klasi kabisa. Nikampa wosia wa Kiingereza, marehemu anamwachia "uncle" wake shamba. Kijana akaandika mjomba. Basi, hakuuliza mtu. Kumbe ni baba mdogo, na jina la ukoo limo mle mle, ukisoma kwa utulivu unaliona. Mjomba ni upande wa mama jamani, ukoo mwingine, na shamba lenyewe la ukoo, ningeupeleka vile si watu wangeshikana mashati? Nikamuuliza, tafsiri ni nini? Akanimwagia fasili za wataalamu wanne, kwa mpangilio, na miaka yake. Nikacheka afu nikanyamaza.

Simlaumu sana. Najua mnavyoishi, koswek (kazi za darasani) alama 40, UE (mtihani wa mwisho) alama 60, past pepa zimejaa stesheneri, na mwalimu akiwa anarudia maswali yale yale nani atahangaika, ukilegea kidogo sapu, mtihani wa marudio, inakusubiri. Hata mimi enzi zangu ngeli nilizimeza kama kwaya. Na GPA inafungua milango, nisiwadanganye. Ila hii ya kusoma riwaya kwa desa, yaani notsi za muhtasari, la kurasa nne, dhamira, wahusika, mandhari, afu riwaya yenyewe hujaishika hata siku moja, hiyo inaniuma kwa kweli. Desa litakwambia mhusika ni mchoyo. Halitakuonyesha anavyomwambia mgeni "karibu chakula" huku anafunika sufuria, na Kiswahili chenyewe ndo kiko hapo.

Yule kijana bado ninaye. Nimemwambia akikutana na neno la undugu ampigie mteja kwanza. Juzi kapiga kwa ajili ya "cousin", akaongea karibu nusu saa (vocha yangu hiyo), akarudi na ukoo mzima kauchora kwenye karatasi, binamu huku, mtoto wa baba mkubwa kule, mtoto wa mama mdogo pembeni. Nimeibandika ukutani. Mnaotaka kuja kuiona, Jumamosi huwa nipo.