Leza ya mawe ya figo: haipigwi kwa nje, na baada yake kuna stenti

Swali tunaloulizwa sana hapa kliniki ni hili: "hiyo leza mnanipiga mgongoni au tumboni?" Jamani, hakuna kupigwa kwa nje. Inayopigwa kwa nje ni ile mashine ya mawimbi ya mshtuko, ilianza kutumika kwa wagonjwa Ujerumani mwaka 1980 na bado inafaa kwa baadhi ya mawe, ila watu wanazichanganya mno hizi mbili.

Leza inapitia huko huko mkojo unakotokea. Unapewa nusu kaputi, daktari anaingiza kamera nyembamba, unene kama milimita 3 hivi, inapita kwenye kibofu inapanda kwenye mrija unaoleta mkojo kutoka figo mpaka jiwe lilipo, alafu ndani ya hiyo kamera anapitisha uzi mwembamba wa kioo ndo unaotoa leza. Hamna kuchanwa wala kushonwa. Inayotumika sana ni leza ya holmiamu, na siku hizi ipo ya thuliamu inayosaga jiwe likawa vumbi laini kabisa. Watu wanaogopa kuunguzwa ndani lakini nguvu ya leza hizi inanyonywa na maji haraka sana, ikishatoka kwenye ncha ya uzi haifiki mbali. Vipande vikubwa vinavutwa na kikapu kidogo cha waya, vumbi linatoka na mkojo.

Sasa sio kila jiwe ni la leza. Chini ya milimita 5 mengi yanatoka yenyewe, kwa hiyo tukikwambia subiri kwanza usione tunakuzungusha. Likizidi sentimita 2 ndani ya figo mara nyingi ni bora litolewe kwa tundu dogo mgongoni. Na mawe ya asidi ya yuriki mengine yanayeyuka kwa dawa tu. Ndo maana tunaomba siti skani kabla, altrasaundi peke yake inaweza kulikosa jiwe lililokwama kwenye mrija.

Stenti sasa. Hii ndo inayoleta simu za usiku. Mara nyingi daktari akimaliza anaacha kimpira chembamba ndani ya mrija, kutoka figo mpaka kibofu, kwa sababu mrija ukishaguswa unavimba na ukiziba maumivu yanarudi upya. Kinakaa siku chache au wiki kadhaa, inategemea. Kikiwa ndani utaenda chooni kila saa, mkojo utakuwa na rangi ya damu hasa ukitembea sana, na ukikojoa unaweza kuhisi maumivu yanapanda ubavuni. Inakera kweli, wengine wanasema bora hata lile jiwe, lakini ni kawaida na dawa za kutuliza zipo. Isiyo kawaida ni homa, mabonge ya damu au mkojo kugoma kabisa, hapo piga simu muda huo huo. Na tafadhali usipotee nacho! Kikisahaulika miezi na miezi kinaota mawe chenyewe, na kukitoa inakuwa kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Ukiwa bado hujatibiwa na ukapata maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka, usisubiri tarehe yako, nenda dharura. Mkojo uliozibwa ukiwa na maambukizi unaweza kuua, na hapo leza haiguswi kwanza, inafunguliwa njia ya mkojo na unapewa antibayotiki, jiwe litavunjwa baadaye.

Ukija kwa mara ya kwanza beba picha za skani zenyewe sio ripoti tu, na utuambie dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, ila usiziache mwenyewe kabla hatujaongea. Mkojo tutaupima kwanza, ukiwa na bakteria tunatibu hao ndo tupange siku. Na kama jiwe lilishatoka nyumbani, lioshe ulilete kwenye kikopo, likipimwa tutajua ni la aina gani na ubadilishe nini kwenye chakula.