Gharama ya Disneyland Paris haianzii kwenye tiketi

Mhariri,

Matangazo ya likizo za familia hutaja bei ya tiketi ya getini, nao wazazi hujumlisha tiketi na nauli ya ndege wakaona hesabu imekwisha. Kwa safari ya Disneyland Paris, bustani ya michezo iliyo nje kidogo ya Paris, kinachovuruga bajeti ni utaratibu wa malipo: kinachokumbukwa mwisho hulipwa kwanza.

Kwa mwenye pasipoti inayohitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, hesabu ianzie hapo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wa chini ya miaka 6 halipiwi. Aliyetimiza miaka 12 ni mtu mzima kwenye ada hiyo, na kwenye tiketi ya bustani vilevile. Wazazi wawili wenye watoto wa miaka 5, 8 na 13 watatoa euro 315 kabla ya gharama za kituo kinachopokea maombi, na hazirudi wakinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini laweza kufika siku 45. Ndiyo maana kununua mapema tiketi ya ndege isiyorejeshewa fedha ni kamari. Kwa maombi, nafasi iliyoshikwa tu hutosha. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Kagua pia pasipoti za watu wote: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki hai miezi 3 baada ya kuondoka Schengen. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake aambatanishe idhini ya maandishi ya mwenzake pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Karatasi hiyo ndogo imekwamisha familia nyingi zenye fedha za kutosha benki.

Inafuata kalenda. Bei ya tiketi hupanda na kushuka kwa siku. Shule za Ufaransa zimegawanywa katika kanda A, B na C, na likizo zao za Februari na Machi hupishana, hivyo msongamano huendelea kwa karibu mwezi mzima. Jumanne au Alhamisi ya katikati ya Januari, au ya katikati ya Novemba, ni siku tofauti kabisa kwa bei na kwa foleni. Ubaya wake ni baridi, giza la mapema na baadhi ya michezo kufungwa kwa matengenezo. Ratiba ya kufunga hutangazwa. Isome kabla ya kulipa.

Kisha wapime watoto kimo, wakiwa wamevaa viatu watakavyosafiri navyo. Mchezo wa treni za kasi wa Big Thunder Mountain hudai sentimita 102 na ule wa Hyperspace Mountain 120, na wahudumu hawana huruma na sentimita moja. Kama wote hawafiki 102, siku moja na nusu yatosha, na tiketi ya siku tatu itakuwa fedha iliyopotea bure. Akiwepo mmoja mrefu na mmoja mfupi, ulizeni mlangoni utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja hupanda, mwingine hubaki na mdogo, halafu hubadilishana bila kupanga foleni upya. Mtoto asiyetimiza miaka 3 huingia bure, ingawa ndege huanza kumlipisha kiti akitimiza miaka 2.

Hoteli zilizo ndani ya eneo la bustani hutoa saa ya ziada asubuhi kabla ya umati kuingia, na hilo lina thamani yake. Lakini kwa familia inayobana matumizi, mtaa wa Val d'Europe, kituo kimoja tu cha treni kabla ya bustani, ndio wenye maana: kuna supamaketi na vyumba vyenye jiko. Uliza kodi ya malazi ya mji, ambayo watu wazima hutozwa kwa usiku na mara nyingi haimo kwenye bei ya kwanza unayoiona.

Kutoka katikati ya Paris, treni ya RER A hufika Marne-la-Vallée–Chessy kwa takriban dakika 40, na kituo kiko mlangoni kabisa mwa bustani. Reli hiyo hugawanyika upande wa mashariki. Ukipanda inayokwenda Boissy-Saint-Léger umepotea, na nyingine huishia Torcy. Soma ubao wa jukwaani, si jina la reli peke yake. Kila abiria awe na kadi yake ya nauli. Kadi moja haipitishi watu wawili safari moja.

Vitafunio na chupa za maji huruhusiwa kuingia. Chupa za glasi, pombe na majokofu makubwa ya kubeba hurudishwa getini. Mlo mmoja wa mezani kwa siku unatosha, wa mchana mapema. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani au kwa euro, chagua euro, kwani kiwango cha mashine huwa kibaya zaidi kuliko cha benki yako.

Mpangaji wa safari