Barua ya malalamiko: antena ya dijitali mliyoibandika kwenye kioo chenye nyaya

Northampton,
3 Machi 2025

Kwa Mmiliki,
Duka la Redio na Umeme wa Magari.

Ndugu yangu, salaam.

YAH: ANTENA YA REDIO YA DIJITALI KWENYE FORD FOCUS YA MWAKA 2010, ILIYOFUNGWA TAREHE 8 FEBRUARI 2025

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu biashara yetu tuliipatana kwa Kiswahili, hapo hapo kaunta kwako, tukicheka habari za Tanga na Mombasa. Nimeshakuja dukani mara mbili kulalamika kwa mdomo na mara zote mbili nimeondoka na maneno ya kunituliza. Safari hii naweka kwenye maandishi.

Siku ile nilikulipa paundi 210: redio 129, antena 31, ufundi 50. Risiti ninayo. Redio haina tatizo na sitaki kukurudishia. Malalamiko yangu ni hizo paundi 81 za antena na kazi ya kuifunga, pamoja na jambo moja la hatari nitakalolieleza mbele kidogo.

Shida yangu nilikueleza wazi. Nasambaza vifurushi kwa gari langu mwenyewe, zamu ya jioni, nashuka barabara kuu ya M1 kupitia Milton Keynes mpaka Luton na kurudi. Nilichotaka ni BBC Radio 5 Live na talkSPORT zisikike vizuri, maana kwenye mawimbi ya kati mpira unasikika kama unatangazwa ndani ya mashine ya kusaga, na nikipita chini ya nyaya za umeme mkubwa ndio basi tena. Nilikuuliza kama antena ya kubandika kioo cha mbele itafaa gari langu au nichukue ya paani. Ukanijibu, "Kaka, antena ni antena tu, hii ya kioo haihitaji kutoboa bodi." Nikakuamini. Wewe ndiye mwenye duka.

Sasa kumbuka asubuhi ile ilivyokuwa. Kulikuwa na barafu kwenye vioo. Fundi wako mwenyewe aliniambia niwashe kioo cha mbele kipate joto, kikauke, gundi ishike. Nikabonyeza kitufe, na dakika mbili baadaye barafu ikawa imeyeyuka kioo kizima, tukasifia wote. Kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba hamkujua kioo changu kina nyaya za joto. Mlizitumia nyaya hizo kukaushia kioo, kisha mkabandika antena juu yake!

Nyaya zenyewe ni nyembamba kama nywele, zimepangwa karibu karibu kutoka juu hadi chini. Jicho halizioni mpaka jua likupige kwa pembeni, lakini kwa mawimbi ya redio huo ni ua wa seng'enge. Ndani ya boksi la antena mliloniachia kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na karatasi ya maelekezo, ambayo nadhani hakuna aliyeifungua, maana ilikuwa bado na mkunjo wa kiwandani. Inasema isibandikwe kwenye kioo chenye nyaya za joto wala kioo kilichopakwa madini ya kuzuia jua. Imechorwa na picha, kioo kina alama ya mkato. Hata asiyejua Kiingereza angeelewa.

Matokeo yake niliyaona jioni ile ile. Redio ilipotafuta stesheni ilipata tisa. Tisa, Northampton, katikati ya Uingereza! 5 Live ilikuwepo kwa sababu inarushwa kwenye fungu la BBC, yaani stesheni zake nyingi zinazorushwa pamoja kwenye masafa mamoja, namba 12B, lakini kipimo cha nguvu kilikuwa kijiti kimoja. Sauti ya dijitali haichakai polepole kama FM. Wewe unakumbuka nyumbani ving'amuzi vilipoingia, Dar es Salaam ilipozimiwa analojia mwisho wa mwaka 2012: picha ama ipo, ama inaganda vipande vipande. Redio hii nayo ni hivyo hivyo. Inaanza kugugumia kama mtu anaongea huku anasukutua maji, kisha kimya. Mpira uko dakika za nyongeza, mtangazaji anapandisha sauti, mpira uko ndani ya boksi, anajiandaa kupiga... kimya. Nikafika daraja la pili ndipo sauti ikarudi, wanazungumzia mambo mengine kabisa.

Tarehe 15 Februari nilikuja, ukaniambia eneo letu lina mashimo ya mawimbi. Tarehe 22 nilikuja tena, maelezo yakabadilika, sasa redio ndiyo mbovu, niiache irudishwe kiwandani wiki sita. Ndugu yangu, mashimo gani hayo? Mwenzangu wa kazini ana gari lenye redio ya dijitali ya kiwandani, tunapita barabara moja, saa moja, yeye anasikiliza mpaka Luton bila kukatika.

Kwa hiyo nikaamua kupima mwenyewe. Mimi si fundi wa redio, ila nilikulia nyumba ya fundi na najua kutafuta tatizo kwa kutoa kitu kimoja kimoja. Nilinunua antena ya sumaku ya paundi 18, fimbo fupi ya kusimama paani. Nikachomoa plagi yenu nyuma ya redio, nikachomeka hiyo, nikapitisha waya kwenye mlango kwa muda. Gari halikusogea hata inchi moja, mbele ya nyumba yangu, redio ile ile unayosema mbovu. Stesheni 9 zikawa 64. Kijiti kimoja cha 12B kikawa vitano. Nikaendesha mpaka Luton na kurudi, ikakatika mara moja tu, ndani ya maegesho ya chini ya ardhi, na hapo sina la kumlaumu mtu.

Haikunishangaza sana. Dijitali hapa Uingereza inarushwa kwenye megahezi mia mbili na kitu, 12B yenyewe ikiwa kwenye 225.648, na mawimbi yake yanakuja yamesimama wima. Robo ya wimbi hapo ni sentimita 33 hivi, wakati FM ya megahezi 100 inataka 75. Fimbo ya wima juu ya paa la bati, ambako bati lenyewe linafanya kazi pamoja na antena, iko mahali pake. Kikanda cha kubandika nyuma ya seng'enge hakipo. Kwetu tulichomeka hanga ya nguo kwenye redio ya betri na taarifa ya habari ikaja, kwa sababu FM inasamehe. Hii haisamehe, na wewe unayeuza vifaa hivi kila siku unajua kuliko mimi.

Baada ya hapo nikataka kujua kama kazi yenyewe angalau ilifanywa sawasawa. Jumamosi iliyopita, tarehe 1 Machi, niliita binamu yangu anayefanya kazi gereji, tukafungua plastiki ya nguzo ya kioo upande wa abiria. Picha nimezibana na barua hii, zitazame kwa utulivu.

Kwanza athi, yaani muunganisho wa antena na chuma cha gari. Antena ile ina kipande cha shaba cha kubandika kwenye chuma cha gari, na bila chuma kitupu haina athi. Fundi wako alikibandika juu ya rangi. Hakukwangua hata kidogo. Binamu aliweka mita, mguu mmoja kwenye shaba na mwingine kwenye boliti ya bodi, mita haikusoma kitu. Pili, kile kiamplifaya kidogo cha antena kinakula umeme unaopanda kwenye waya ule ule kutoka kwenye redio, na redio ina sehemu ya kuuwasha kwenye menyu. Ilikuwa imezimwa. Tangu siku ya kwanza kiamplifaya kilikuwa kimelala! Nilipouwasha, stesheni 9 zikapanda hadi 14. Tukakwangua rangi, tukabandika shaba upya, zikafika 19 na zikakwama hapo, maana nyaya za kioo hazijaenda popote.

Hayo yote ningeweza kuyachukulia kuwa haraka za Jumamosi. La tatu siwezi. Ile plastiki ya nguzo imeandikwa AIRBAG kwa herufi unazoziona hata bila miwani. Nyuma yake umekunjwa mfuko wa hewa wa pembeni. Waya wa antena umepitishwa mbele ya mfuko, umekatiza, na umefungwa kwa kibanio cha plastiki kwenye mkono wa mfuko wenyewe. Waya ulipaswa kupita nyuma yake, ufuate nyaya za gari za kiwandani. Mfuko ule unafumuka kwa kasi ambayo jicho haliwahi kuifuata. Ukikuta kamba na kibanio njiani, sijui utafumukia upande gani, na kiti kile anakaa mke wangu, na Ijumaa anakaa mama. Tulikata kibanio na kuutoa waya siku hiyo hiyo kabla gari halijatoka uani.

Nimeongea na watu wa Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure kwa wananchi, wakanisomea Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Kazi ya ufundi inatakiwa ifanywe kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, na bidhaa ifae kwa matumizi ambayo mteja amemweleza muuzaji kabla ya kununua. Mimi nilieleza gari, njia ninayopita na ninachotaka kusikiliza. Bidhaa isipofaa nina siku 30 za kuikataa na kudai fedha zangu, na leo ni siku ya 23. Kwa upande wa kazi, una wajibu wa kuirudia bila malipo, na kama haiwezekani, kupunguza bei, hata yote.

Ninachotaka ni hiki. Muondoe antena ya kioo na gundi yake bila kukwaruza kioo, maana kioo hiki kubadilisha ni pesa ndefu. Gari langu tayari lina antena ya FM paani, na zipo shina za antena za kuweka badala ya hiyo zinazotoa waya wa FM na waya wa dijitali pamoja, kwenye tundu lile lile, hakuna cha kutoboa. Mfunge hiyo. Tofauti ya bei ya kifaa nitalipa kwa sababu ni kifaa bora zaidi. Ufundi silipi mara ya pili. Waya upite nyuma ya mfuko wa hewa, nami nitasimama pale nione kabla plastiki haijarudishwa. Na tukimaliza tufanye utafutaji wa stesheni pamoja, hapo hapo uani kwako, tuhesabu.

Kama kazi hiyo huiwezi au huitaki, nirudishie paundi 81 kwa njia ile ile niliyolipia, nami nitakuletea antena yako. Nakupa mpaka Jumatatu ya 17 Machi unijibu kwa maandishi. Nisiposikia kitu nitafungua madai madogo mahakamani na picha za mfuko wa hewa nitazipeleka Trading Standards, ofisi ya serikali ya mtaa inayosimamia haki katika biashara. Hilo la mwisho silisemi kukutisha. Binamu yangu anasisitiza lifanyike hata kama tutaelewana, kwa sababu fundi yule anafunga magari mengine kila wiki. Nimemwomba asubiri jibu lako kwanza, nisikie umefanya nini kuhusu hayo magari.

Jumamosi niko huru kuanzia saa tatu asubuhi. Kioo kikiwa na barafu nitakikwangua mwenyewe kwa mkono.

Wako mteja,
mwenye Focus ya buluu