Usifute Ile Penseli

Shoga yangu mpenzi,

Picha zako nimezipata jana, na nimezitazama hadi usiku mkubwa. Pole tena kwa kuondokewa na bibi uliyemuuguza. Wanawe wamefanya la maana kukuachia lile boksi la kumbukumbu za besiboli.

Unauliza kama tiketi ya World Series, fainali za besiboli za Marekani, ya 1964 ni feki, maana Philadelphia haikucheza fainali hizo. Hilo peke yake haliifanyi feki. Phillies, timu ya Philadelphia, waliongoza ligi yao kwa pengo la mechi sita na nusu zikiwa zimebaki 12, tiketi zikachapishwa, kisha wakafungwa mara 10 mfululizo na Cardinals wa St. Louis wakawapita. Hiyo ni tiketi hewa, yaani ya mechi ambayo haikuchezwa. Kwa mechi iliyochezwa, tiketi nzima ina bei kuliko kipande, kwa kuwa nyingi zilichanwa mlangoni. Hizi hazikufika mlangoni, kwa hiyo uzima wake usikupe matumaini makubwa.

Roho yangu iko kwenye kile kitabu cha mechi cha Shea Stadium, uwanja wa Mets wa New York, ambacho mtazamaji alijaza matokeo kwa penseli nawe unataka kuifuta. Nakuomba sana, usikiguse! Ni kweli, kwa kawaida kitabu kisichoandikwa hupendwa zaidi. Lakini fungua ukurasa wa matokeo, upande wa Mets. Nimevuta picha nikahesabu kisanduku kwa kisanduku: wapigaji 27, wote wametolewa, K (alama ya mpigaji aliyekosa mpira mara tatu akatolewa) ziko 10, na hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza. Hiyo ni 21 Juni 1964, mrushaji Jim Bunning wa Phillies alipowamaliza Mets 6–0 kwa mechi kamili, yaani bila kumruhusu mpigaji yeyote kufika besi. K ya mwisho imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Huyo bibi, au aliyekuwa naye, alikuwa uwanjani mkono ukimtetemeka. Ukifuta, unabaki na kitabu cha siku yoyote ile.

Pini zenye kutu ziache zilivyo. Selotepu usitie kabisa. Mimi niliwahi kuitia kwenye tiketi moja, gundi ikala wino na sikuweza kuirudisha. Na bei wanazotaka wauzaji mtandaoni zisikubabaishe, tafuta zile zilizokwisha kulipwa.

Mnunuzi makini atauliza kama penseli ni ya siku ileile. Kwa hiyo pekua boksi lote, hata ndani ya bahasha na kati ya kurasa, utafute kipande cha tiketi chenye tarehe hiyo. Kikipatikana usivitenganishe, nipigie hata kama ni usiku.

Wasalimie watoto.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa siku zote