Barua ya Wazi kwa Wajukuu Mliomletea Shosho Dijei

Wajukuu zangu, na vijana wengine wa Nairobi mnaopangia wazee bathdei, salamu. Nimenyamaza nikidhani hasira itapoa, haijapoa, kwa hivyo someni tu.

Dada yangu ametimiza miaka 80. Mlichanga pesa, keki ikaja, nyama ikachomwa, Mungu awabariki kwa hayo, na nashukuru hata hamkummwagia maji. Lakini ule muziki jameni! Nani alimwambia yule dijei aweke sabufa karibu na kiti cha mtu mwenye magoti mabaya ambaye hawezi kuhama? Nilimwona akivuta leso akafunika masikio, na nyinyi simu ziko juu mnarekodi, ati ona shosho anavyokatika. Hakuwa anakatika, alikuwa anatafuta mtu wa kumshika mkono asimame aondoke.

Masikio ya uzee hupoteza kwanza zile sauti nyembamba, ndiyo maana kelele anazisikia vizuri sana lakini maneno yanampita. Ukiongeza besi ndio umeyazika hayo maneno kabisa. Punguzeni besi, spika ndogo iwe mbele yake, watu wapunguze domo kidogo.

Halafu mtu mmoja akalalamika, mkageuza mkaweka Les Wanyika, ati si hizi ndizo zilizopendwa. Zilizopendwa za nani? Les Wanyika ilianza 1978, wakati huo dada yangu alikuwa mama wa watoto wanne anahangaika na karo. Hizo ni za baba zenu. Chukueni mwaka wa kuzaliwa mwongeze 15 mpaka 25, hapo ndipo nyimbo humwingia mtu zikakataa kutoka. Yeye ni wa 1945, kwa hivyo tafuteni za 1960 mpaka 1970: Fadhili William, Fundi Konde, Daudi Kabaka na twist yake. Helule Helule ya Kabaka hata Waingereza wa The Tremeloes waliirekodi 1968, na nyinyi wa hapa hapa Umoja hamjawahi kuisikia. (Kama tarehe ya kitambulisho ni ya kukisia, na wazee wengi ni hivyo, muulizeni Uhuru wa 1963 ulimkuta darasa la ngapi.)

Na msiniambie shosho ni wa Tenzi za Rohoni pekee. Anazipenda, ziwekeni asubuhi. Lakini huyu mama alicheza twist mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, mimi ndiye nilikipeleka kwa fundi usiku usiku, na baba yetu alienda kaburini bila kuambiwa.

Enzi zetu kumchagulia mtu wimbo ilikuwa kazi. Unanunua kadi ya salamu, unajaza majina kwa mwandiko mzuri, unaituma redioni, Sauti ya Kenya, unangoja, na siku yakisomwa ploti nzima inajua. Sasa mnabonyeza YouTube, katikati ya wimbo tangazo la kamari linaingia, shosho anageuka kuniuliza nani ameshinda pesa. Lakini sitawalaumu nyinyi peke yenu. Nchi hii ilipiga muziki ukavuka mipaka halafu ikaacha santuri zioze, na redio nyingi zinawatupia wazee saa moja ya Jumapili kama kiporo. Mngejulia wapi?

Mengine ni mafupi. Muulizeni mwenyewe, si mama zenu. Nyimbo chache zinatosha. Ya lugha ya nyumbani isikose, kwetu sisi Wakikuyu ni Joseph Kamaru. Ule uliopigwa kwenye mazishi ya mume wake msiuguse. Pakueni mapema, bandals zisiwaishie. Na ule wa kukata keki, Happy Birthday, uimbwe mara moja tu, maana tuni yake ilitoka Marekani 1893 kwa watoto wa nasari, na huyu si wa nasari.

Desemba ni zamu ya kaka yangu. Alikuwa utingo wa lori la Mombasa, anapenda rumba ya Franco, na kuna wimbo mmoja mwingine ambao hataki mke wake ausikie, huo atawaambia mkiwa pekee yenu naye. Mwendeeni kuanzia sasa. Yule dijei asiitwe.

Guka wenu