Muuzaji aulize kwanza

Bwana Mhariri,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mshonaji. Katika parseli yetu, yaani kiwanja kimoja, tunakaa familia tatu, na mwaka huu tuna finalisti wawili wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: binti yangu na kijana wa mama mpangaji. Kompyuta, au ordinatere kama tunavyozoea kuiita huku, ni moja tu, yangu, na intaneti inaingia kwa modemu ndogo ya kuchomeka. Watoto walikuwa wananunua vifurushi vidogo vya mega kwenye simu. Somo la hesabu halijafika katikati, mega zimekwisha.

Nikaenda mjini kuomba shauri. Muuzaji wa duka moja hakuniuliza chochote. Aliniwekea rauta, kile kifaa cha kugawa intaneti kwa waifai, juu ya meza, akataja bei. Pesa ile ilikuwa ya kutengenezea cherehani yangu ya pili, na kidogo tu niitoe.

Jumapili akaja mtoto wa dada yangu. Kwenye kompyuta yangu alifungua «Paramètres», yaani mipangilio, kisha «Réseau et Internet», akanionyesha maneno ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu miaka yote: «Point d'accès sans fil mobile», yaani kompyuta yenyewe kugawa intaneti kwa waifai kama rauta. Tukaandika jina na neno la siri lenye herufi 8 au zaidi, akawasha, basi. Modemu inaleta intaneti, na antena ya waifai iliyo ndani ya kompyuta inaigawa. Windows 10, programu inayoendesha kompyuta yangu, inakubali hadi vifaa 8. Sisi tuna simu tano. Tukachagua mawimbi ya gigahertsi 2.4, maana hiyo inapenya ukuta wa matofali vizuri kuliko 5, na simu zinashika mpaka chini ya mwembe.

Siku ya tatu forfe nzima, yaani kifurushi cha intaneti cha modemu, iliisha kabla ya saa sita mchana. Niliwashuku watoto, nikawakemea, na sikuwatendea haki: kompyuta yenyewe ndiyo ilikuwa inapakua masasisho. Tangu hapo tumeiwekea «connexion limitée», ili isipakue vitu vikubwa yenyewe, na forfe tunachanga nyumba tatu.

Mwenye kompyuta ya mezani aangalie kwanza kama ina antena ya waifai, kwa sababu nyingi hazina. Kijiantena cha kuchomeka kwenye USB kinatosha. Na kompyuta ikizimwa, au umeme ukikatika na betri ikaisha, wote mnakatika. Kwa ofisi au shule rauta ina kazi yake, sikatai.

Lakini wazazi wa mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba, Kenya na Ruashi, wanaohesabu kila franka wanastahili kuambiwa ukweli kabla ya kutoa pesa. Nawaomba wauzaji wetu, mama akiingia dukani kutafuta intaneti ya watoto, wamuulize kwanza: «Mama, nyumbani uko na nini?»

Mama mshonaji,
Katuba, Lubumbashi