Wasaidizi wa kliniki za mbwa nao wachanjwe

Mhariri, nachangia ile habari yenu ya kichaa cha mbwa hapa Mwanza. Mmemsifia daktari wa mifugo, sawa anastahili, ila yule kijana anayembana mbwa mdomo ili daktari achome sindano mbona hatajwi, na yeye ndo wa kwanza kung'atwa, mikono imejaa makovu ya kucha.

Huu ugonjwa dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno, na chanjo ya kujikinga kabla ya kung'atwa ipo. Naomba Jiji na Manispaa ya Ilemela wakienda kukagua kliniki waulize kadi za chanjo za wasaidizi, hata anayefagia vibanda, na gharama abebe mwenye kliniki. Msaidizi aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja, asisubiri zamu iishe.

Mkazi wa Nyegezi, Mwanza